Mtungi Kabla ya Mashine: Wagonjwa wa Korona Kenya na Huduma Waliyoihitaji

Tarehe 13 Machi 2020 Mutahi Kagwe, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Haukupita muda swali moja likatawala magazetini, bungeni na vijiweni: tuna mashine ngapi za kupumulia? Jibu lilitisha. Vitanda vya ICU katika nchi nzima, vya hospitali za umma na za binafsi kwa pamoja, vilizidi 500 kidogo tu. Mashine za kupumulia zilikuwa kama 250. Sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu watu milioni 47.6, na kati ya kaunti 47, zile zilizokuwa na walau chumba kimoja cha ICU hazikufika nusu.

Nani angeisikia hesabu hiyo asishtuke? Lakini mshtuko huo ulituvuta upande mmoja. Mjadala ukawa wa mashine: ngapi zipo, ngapi zinaagizwa, nani atazitengeneza hapa nchini. Nikizipitia taarifa za wagonjwa wenyewe, yaani walikuwa nani, walifika wakiwa na hali gani, walipewa nini, nani alipona na nani alifariki, naona jambo jingine. Wengi kati ya wale ambao hospitali ilikuwa na uwezo wa kuwaokoa walihitaji huduma ya ngazi ya chini zaidi: oksijeni isiyokatika, kipimo cha kuonyesha nani anaihitaji, na muuguzi wa kuwaangalia usiku. Pengo kubwa lilikuwa hapo, na ndipo palipozungumziwa kidogo.

Tuanze na mgonjwa mwenyewe. Utafiti wa mwanzo uliofuatilia wagonjwa 787 waliolazwa katika hospitali za Kenya mwaka 2020 ulikuta wanaume 505, sawa na asilimia 64. Umri wa katikati ulikuwa miaka 43. Kikohozi kilikuwa dalili iliyotajwa zaidi, kwa asilimia 43 ya wagonjwa. Waliopoteza ladha au harufu walikuwa asilimia 35. Na homa, ile dalili tuliyoiogopa kuliko zote, ilionekana kwa asilimia 16 tu. Ukikumbuka vile vipima joto vilivyoelekezwa kwenye paji la uso langoni mwa kila duka, benki na kanisa, utaona ni wangapi waliopita bila kushtukiwa.

Umri huo wa miaka 43 unafaa kusomwa kwa tahadhari. Uingereza, katika utafiti mkubwa wa wagonjwa 20,133 waliolazwa kati ya Februari na Aprili 2020, umri wa katikati ulikuwa miaka 73. Tofauti ya miaka 30! Wapo waliokimbilia kusema kwamba korona ya Afrika ni ugonjwa mwingine, au kwamba jua, udongo au damu yetu vinatukinga. Sababu ya kwanza iko wazi: Kenya ni nchi ya vijana, na waliofika miaka 65 hawazidi wanne katika kila watu mia moja. Sababu ya pili ni ya kiutawala, na mara nyingi husahaulika. Katika miezi ya mwanzo, kila aliyepatikana na virusi alipelekwa hospitalini au kituo cha kutengwa, awe anaumwa au haumwi. Ndiyo maana katika wale 787, asilimia 58 tu ndio waliokuwa na dalili walipopokelewa. Waliobaki walikuwa watu wazima wa afya waliolala kwenye vitanda vya hospitali wakisubiri kipimo kitoke hasi. Uingereza ililaza waliozidiwa. Kenya ililaza waliopatikana. Takwimu za namna hii zinaeleza sera ya kulaza watu sawasawa na zinavyoeleza ugonjwa, na anayezilinganisha bila kulikumbuka hilo anapotea.

Sera ilibadilika Juni 2020, serikali iliporuhusu wasio na dalili na wenye dalili ndogo wauguziwe nyumbani wakifuatiliwa na wahudumu wa afya wa kujitolea. Ulikuwa uamuzi wa busara, ingawa chanzo chake kilikuwa vitanda kujaa. Tangu hapo sura ya mgonjwa wa wodini ikaanza kufanana na ya kwingineko duniani: mtu aliyevuka miaka 50 au 60, mwanaume kuliko mwanamke, mwenye presha au kisukari au vyote viwili, anayefika baada ya wiki moja ya kujitibu nyumbani, huku pumzi ikimpungua. Na hata katika wale 787 wa mwanzo, waliovuka miaka 60, wenye maradhi mengine na wanaume ndio waliofariki zaidi.

Hayo maradhi mengine yanataka maelezo. Asilimia 43 ya wagonjwa wale walisema wana ugonjwa mwingine: asilimia 17 magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, asilimia 15 kisukari, asilimia 7 virusi vya ukimwi. Neno la kuangalia hapo ni "walisema". Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja katika wanne nchini ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Kwa sukari hali ilikuwa mbaya zaidi: karibu tisa katika kumi hawajawahi kupimwa. Mtu wa namna hii akifika hospitalini na kuulizwa kama ana ugonjwa wowote, atajibu kwa moyo mweupe kwamba hana. Wapo walioambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana kisukari wakiwa tayari wamewekewa oksijeni, na kwa daktari hayo ni magonjwa mawili ya kutibu kwa mpigo, kila mmoja ukiuchochea mwingine.

Virusi vya ukimwi vilionyesha kinyume chake. Wengi tulitarajia maafa. Utafiti mkubwa wa jimbo la Western Cape, Afrika Kusini, uligundua kwamba wanaoishi na virusi hivyo walikuwa na hatari ya kufa kwa korona iliyozidi ya wengine kwa kama mara mbili, na wenye kifua kikuu pia walikuwa hatarini zaidi. Ni hatari ya kweli, ila si yale maangamizi yaliyotabiriwa. Kenya ilikuwa na mtandao wa kliniki, kadi, dawa na wahudumu uliojengwa kwa takriban miaka ishirini kwa ajili ya ukimwi. Mgonjwa wa ukimwi alijulikana alipo na dawa anayoitumia. Mgonjwa wa presha hakujulikana na yeyote, hata na nafsi yake.

Sasa tuingie wodini, kwenye pumzi yenyewe.

Virusi vya korona vinapofika chini kabisa ya mapafu, vile vifuko vidogo vya hewa huvimba na kujaa majimaji, na oksijeni hushindwa kupita kuingia kwenye damu. Mtu mzima mwenye afya huwa na kiwango cha oksijeni cha asilimia 95 au zaidi katika damu. Kikishuka chini ya 90, Shirika la Afya Duniani linaelekeza apewe oksijeni mara moja. Kilichowashangaza madaktari ni kwamba mgonjwa wa korona angeweza kushuka hadi 80 au chini yake akiwa bado amekaa, anaongea, anajibu simu. Haonekani kama mtu anayekufa. Bila oksimita, kile kifaa kidogo kinachobana kidole, muuguzi anaweza kumpita mara tatu na kumwona hana neno.

Takwimu za mwanzo kutoka China, zilizochambua watu zaidi ya 44,000 waliothibitishwa, ziliwagawa hivi: asilimia 81 walipata ugonjwa mwepesi, asilimia 14 ugonjwa mkali, na asilimia 5 wakawa mahututi. Ile 14 ndiyo kundi ninalolizungumzia. Ni watu ambao mapafu yao yamechoka lakini bado yanafanya kazi. Ukiwaongezea oksijeni kwa siku tano, saba au kumi, mwili hupata muda wa kupambana, na wengi hurudi nyumbani. Ukiwakosesha, wanaingia kwenye ile 5. Kwa maneno mengine, idadi ya watakaohitaji ICU haiamuliwi na kirusi peke yake. Sehemu yake huamuliwa na kilichofanyika wodini siku mbili tatu kabla.

Je, oksijeni hiyo ni kiasi gani? Makadirio yaliyotumiwa na Shirika la Afya Duniani wakati wa janga yalikuwa lita 10 kwa dakika kwa mgonjwa mkali na lita 30 kwa dakika kwa mahututi. Chukua mtungi mkubwa wa hospitali, wenye gesi ya kama lita 6,800. Kwa lita 10 kwa dakika unaisha baada ya saa 11 na dakika chache. Mgonjwa mmoja anamaliza mitungi miwili na ushee kwa siku. Wodi yenye wagonjwa ishirini wa namna hiyo inahitaji mitungi zaidi ya arobaini kila siku, na kila mmoja ni chuma kizito kinachosukumwa kwa mkokoteni, kufunguliwa, kufungwa na kurudishwa kwenye lori kwenda kujazwa, pengine kaunti ya tatu kutoka hapo. Mwaka 2019, hospitali ya kaunti iliyokuwa na mitungi kumi au kumi na tano kwa ajili ya chumba cha upasuaji na watoto wachanga ilijiona imejitosheleza. Korona iliifilisi kwa asubuhi moja.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina masharti yake. Kuna kile kifaa cha umeme kinachokaa kando ya kitanda, ambacho huvuta hewa ya chumbani, huchuja naitrojeni na kutoa oksijeni lita 5 au 10 kwa dakika. Kinamfaa mgonjwa mmoja wa hali ya kati, na umeme ukikatika kinanyamaza. Kuna mtambo wa hospitali unaotumia madini ya zeolaiti kufanya kazi hiyohiyo kwa kiwango kikubwa na kupeleka gesi kwa mabomba ukutani. Mtambo huo unahitaji umeme wa uhakika, vichujio vya kubadilishwa na fundi anayeujua. Na kuna oksijeni ya maji, iliyo baridi kupita kiasi, inayosafirishwa kwa malori ya tangi hadi kwenye tangi la hospitali. Hiyo ndiyo inayoweza kubeba hospitali kubwa, lakini inataka barabara, kiwanda kilicho karibu na pesa taslimu. Kwa miaka mingi Kenya iliitegemea zaidi kampuni moja, BOC Kenya, kwa gesi ya hospitali. Mwaka 2014 shirika la kijamii la Hewa Tele lilianza kuzalisha oksijeni katika hospitali ya rufaa ya kaunti ya Siaya na kuisambaza kwa hospitali za jirani, jambo ambalo wakati ule halikutangazwa kwa shangwe yoyote. Miaka sita baadaye kila gavana alitamani awe nalo.

Mtihani ulikuja wimbi la tatu, Machi 2021. Tarehe 26 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, na wiki hizo hospitali za Nairobi zilikuwa zimejaa kiasi cha jamaa kuzunguka na mgonjwa garini wakitafuta mahali penye kitanda. Mahitaji ya oksijeni nchini yalipanda ghafla, na Wizara ya Afya ikafikia kuwaomba, kisha kuwaonya, waliohifadhi mitungi mitupu majumbani na maghalani wairudishe kwa wasambazaji ijazwe. Gesi ilikuwepo kiwandani, lakini chuma cha kuibebea hakikuwepo. Miezi mitatu baadaye kirusi cha Delta kikaishukia kanda ya Ziwa. Juni 2021 serikali ilitenga kaunti 13 za magharibi, kuanzia Busia na Siaya hadi Kericho na Bomet, ikaweka kafyu ya saa moja jioni. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu ikawa kimbilio la eneo zima. Mgonjwa aliyetoka kijijini Migori au Homa Bay alisafiri saa kadhaa, na swali lililoamua hatima yake lilikuwa kama gari lililombeba lina mtungi, na kama mtungi ule una gesi ya kumfikisha.

Tiba yenye nguvu kuliko zote iliyopatikana mwaka wa kwanza inathibitisha haya ninayosema. Juni 2020 jaribio la RECOVERY nchini Uingereza lilitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu iliyokuwa tayari kwenye rafu za hospitali zetu, hupunguza vifo. Kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine, vilishuka kutoka 26.2 hadi 23.3. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida, na dalili zilielekea upande wa madhara. Ina maana daktari wa hospitali ya kaunti ndogo alikuwa na dawa inayookoa maisha mkononi mwake, ila hangeweza kuitumia vyema bila kujua kiwango cha oksijeni cha mgonjwa aliye mbele yake. Tena dawa hiyo hupandisha sukari. Mpe mwenye kisukari ambaye hajawahi kupimwa, na usimpime, utamtoa kwenye hatari moja na kumtumbukiza kwenye nyingine. Dawa ya shilingi chache inadai oksimita, kipimo cha sukari na mtu wa kuvisoma vyote viwili kila baada ya saa chache.

Nimesema mjadala ulivutwa na mashine. Nisieleweke vibaya: ICU ni huduma halali, na Mkenya anayeihitaji ana haki nayo kama Mwingereza au Mwitaliano. Ila turudi kwenye wagonjwa 787. Waliolazwa ICU walikuwa 90, kwa wastani wa siku 11. Waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia walikuwa 52. Waliofariki walikuwa 107. Hata tukichukulia kwamba kila aliyewekwa kwenye mashine alifariki, bado zaidi ya nusu ya waliokufa hawakuwahi kuwekwa kwenye mashine.

Msomaji anaweza kunijibu papo hapo: basi si ndiyo ushahidi kwamba mashine hazikutosha? Ni hoja nzito, na kwa sehemu ni kweli. Utafiti wa Afrika uliochapishwa Mei 2021 katika jarida la Lancet, uliohusisha hospitali 64 katika nchi kumi ikiwemo Kenya, ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa walioelekezwa ICU hawakupata nafasi. Lakini tazama yaliyowakuta walioipata. Kati ya wagonjwa 3,140 waliofuatiliwa, asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 55 hivi, kwa hiyo hatuwezi kusingizia uzee. Watafiti walihesabu kwamba katika kila wagonjwa mia moja, kati ya 11 na 23 walikufa ambao wangepona kama wangelazwa kwingineko duniani. Hospitali zilikuwa na kitanda, na mara nyingi zilikuwa na mashine. Kilichopungua ni huduma inayoizunguka mashine: kusafishwa damu figo zinapogoma, kulazwa kifudifudi ili mapafu yafunguke, vipimo vya damu vya mara kwa mara, hata oksimita kwa kila mgonjwa, ambayo haikuwepo katika hospitali zote.

Kumgeuza mgonjwa alale kifudifudi hakuhitaji kifaa chochote. Kunahitaji watu wanne au watano wenye nguvu, wanaojua namna ya kushika kichwa na mpira wa kooni, na wanaorudi baada ya saa kumi na sita kumgeuza tena. Kwa nini basi kulifanyika mara chache? Kwa sababu watu hao hawakuwepo.

Kenya ilikuwa imeshapata somo hili kabla ya korona. Mwaka 2015 serikali ya kitaifa iliingia mkataba wa kukodi vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti: eksirei, vyumba vya upasuaji, mashine za kusafisha damu, na kwa baadhi yake vifaa vya ICU. Maseneta waliochunguza mradi huo baadaye walikuta sehemu ambako vifaa vilikuwa vimelala kwa kukosa umeme wa kutosha, chumba kinachofaa au mtaalamu wa kuviendesha. Mgonjwa mahututi anataka muuguzi wake mmoja, au kwa shida muuguzi mmoja kwa wagonjwa wawili, mchana na usiku. Kwa kila kitanda kimoja cha ICU unahitaji wauguzi wanne au watano waliofunzwa ili zamu zote zijae. Kutangaza vitanda kumi vipya bila kutangaza wauguzi arobaini ni kutangaza samani.

Na wale wachache tuliokuwa nao tuliwatendea nini? Desemba 2020 wauguzi na matabibu walianza mgomo, na madaktari wakafuata. Madai yao yalikuwa bima ya afya, vifaa vya kujikinga na marupurupu ya hatari. Mwezi huohuo daktari kijana wa miaka 28 aliyekuwa akihudumia wagonjwa wa korona alifariki kwa ugonjwa huo, na wenzake walieleza hadharani kwamba alikuwa hajalipwa kwa miezi kadhaa na hakuwa na bima. Inaniuma kuandika sentensi hiyo. Mtu aliyesimama kati ya ugonjwa na wananchi alikufa akichangiwa gharama za matibabu kama mwananchi yeyote asiye na kitu.

Kuna pengo lingine la uuguzi ambalo halimo kwenye jedwali lolote. Katika hospitali zetu za umma, kazi kubwa ya kumtunza mgonjwa hufanywa na jamaa zake. Wao ndio wanaomletea uji, wanaomwosha, wanaomgeuza ubavu, wanaomwamsha ameze dawa, wanaokimbia kumwita muuguzi wanapoona pumzi imebadilika. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa thelathini huendeshwa hivyo, na kila mtu anajua. Korona ilipoingia, jamaa walizuiwa mlangoni, kwa sababu inayoeleweka. Hakuna aliyewekwa badala yao. Mgonjwa aliyeishiwa nguvu ya kunyoosha mkono aliwekewa sahani kando ya kitanda, na sahani ikaondolewa ikiwa imejaa. Aliyejivua mirija ya oksijeni usiku akiwa amechanganyikiwa angeweza kukaa hivyo mpaka asubuhi. Hospitali zilizoruhusu ndugu mmoja aliyevaa barakoa na gauni la kujikinga zilifanya jambo la maana kuliko lilivyoonekana, na nadhani katika janga lijalo hilo liwe kanuni tangu siku ya kwanza.

Gharama nazo zinasema. Watafiti wa Kenya waliokokotoa gharama halisi ya kumhudumia mgonjwa mmoja kwa siku moja walipata takriban shilingi 2,000 kwa anayeuguzwa nyumbani, 6,700 kwa mwenye dalili ndogo aliyelazwa au kutengwa kituoni, 13,000 kwa mgonjwa mkali wodini, na 63,000 kwa mahututi ICU. Siku moja ya ICU ni karibu siku tano za wodi yenye oksijeni. Kwa wastani wa siku 11 za ICU, mgonjwa mmoja hugharimu karibu shilingi 700,000. Hizo ni gharama za kutoa huduma; bili za hospitali za binafsi zilipanda juu zaidi, na familia ziliuza mashamba na kufungua michango ya WhatsApp ili miili ya wapendwa wao iruhusiwe kutoka mochari.

Woga wa bili ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Mwanzoni, waliowekwa karantini ya lazima walitakiwa kujilipia wenyewe, na serikali ilipobadili msimamo huo mapema Mei 2020, watu walikuwa wameshajifunza kukwepa vipimo. Unyanyapaa ukaongeza uzito. Aprili 2020 taifa liliona picha za mazishi ya usiku huko Siaya, mwili ukishushwa kaburini bila jeneza na watu waliovaa mavazi meupe. Baada ya picha zile, mzee wa kijijini aliyeanza kukohoa alikuwa na sababu ya kunyamaza. Alikunywa mchaimchai, akajifukiza, akafika hospitali siku ya tisa.

Wengine hawakufika kabisa. Idadi rasmi ya Kenya iliishia wagonjwa zaidi ya 340,000 na vifo zaidi ya 5,600. Uchunguzi wa kingamwili katika damu ya wachangiaji, uliofanywa kati ya Aprili na Juni 2020, ulikadiria kwamba zaidi ya watu 4 katika 100 walikuwa wameshaambukizwa, wakati ambapo waliothibitishwa nchini walikuwa elfu chache tu. Mjini Lusaka, Zambia, watafiti waliopima miili katika mochari ya hospitali kuu katikati ya mwaka 2020 walikuta karibu mmoja katika watano ana virusi, na wengi wao walikuwa wamefia nje ya hospitali bila kuwahi kupimwa. Lusaka si Nairobi, lakini inatosha kutuonya kwamba mgonjwa tunayemsoma kwenye mafaili ya hospitali ni yule aliyekuwa na nauli, jamaa na ujasiri wa kufika.

Kwa hiyo ngazi ya kuanzia ni zahanati. Oksimita kwenye zahanati ya kijiji, mikononi mwa mhudumu anayejua kwamba 88 ni dharura hata kama mgonjwa anacheka, ingewatoa wengi nyumbani siku ya tano badala ya ya tisa. Hatua ya pili ni gari lenye mtungi. Ya tatu ni hospitali ya kaunti ndogo yenye oksijeni ukutani, deksamethasoni, kipimo cha sukari na wauguzi wa zamu ya usiku. Hapo ndipo ile asilimia 14 huokolewa. ICU hubaki kwa wachache waliozidiwa licha ya yote hayo, na kwa kuwa wamekuwa wachache, vitanda vichache na wataalamu wachache wanaweza kuwahudumia ipasavyo.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kilicho cha korona peke yake. Mtoto mwenye nimonia, mama aliyevuja damu akijifungua, kichanga aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, majeruhi wa bodaboda: wote wanahitaji gesi ileile kutoka bomba lilelile. Tangu 2020 mitambo ya oksijeni imeongezeka nchini kwa fedha za serikali na za wafadhili. Kila mmoja sasa unadai bili ya umeme kila mwezi, vichujio na fundi, na gharama hizo zinaangukia bajeti ya kaunti, kwenye kifungu cha matengenezo ambacho hukatwa kwanza pesa zinapopungua.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda mfuko maalumu kwa ajili ya dharura, maradhi sugu na wagonjwa mahututi. Ninaufurahia mfuko huo, na papo hapo nina wasiwasi nao kwa sababu ya jinsi tulivyofikiri mwaka 2020. Mgonjwa mwenye kiwango cha 87, anayehitaji lita tano za oksijeni kwa siku nne katika hospitali ya Ahero au Kinango, si mahututi bado. Ikiwa pesa zitaanza kumfuata pale tu atakapofika ICU, atakuwa ameshahesabiwa katika wale ambao karibu nusu yao hufa.